Mlango wa tashlihi, bodi ya gari na wivu wangu kule Riyadh

Wakuu, salaam.

Nimefuatilia mnavyobishana humu kama milango ya gari inachangia ugumu wa bodi, nikaona nilete ushahidi. Haya yalinikuta mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Ni miaka ile tulipokuwa tunamiminika Saudia kwa mikataba. Mimi injinia wa majengo, nakaa Murabba, Riyadh, na mke wangu Rehema na watoto wawili.

Akatokea Nassoro, mfamasia, aliyesoma na Rehema sekondari kule Tanga. Mimi kwake nilikuwa "shem". Mke wangu alikuwa "Rehe", jina ambalo nilipolijaribu nyumbani niliulizwa kama naumwa.

Nassoro akajitolea kutupeleka Jeddah kwa gari lake. Rehema akakubali kabla hajanitazama. Letu, alisema, lina kelele.

Nikatafuta kasoro, nikaipata. Mlango mmoja wa nyuma wa gari la Nassoro ulitoka tashlihi, yaani yadi ya magari yaliyokufa. Hata rangi ilikuwa ya kubahatisha.

Nikatoa mhadhara sebuleni. Mlango ukishabadilishwa bodi inalegea, barabara ya Jeddah ni ndefu, wanangu hawapandi humo. Twende na langu.

Nassoro hakubisha. "Shem, tuyapime yote mawili."

Tukashuka. Akafungua milango ya gari lake, akapiga jeki kona moja ya nyuma mpaka tairi likaning'inia. Bodi ikiwa dhaifu, hapo inapinda na mlango unagoma kufunga. Akausukuma ule wa tashlihi kwa kidole. Ukaingia kama wa friji.

Zamu yangu. Jeki ikapanda, mlango ukagonga nguzo ya bodi badala ya kuingia. Nikausukuma kwa bega. Wapi.

Nassoro akapiga magoti, akachokonoa boriti iliyo chini ya milango kwa bisibisi. Ikazama. Kutu tupu, imefunikwa kwa pati ya kuzibia mashimo na rangi.

Hapa niweke elimu kidogo. Mlango umeshikwa na bawaba na kitasa, na umezungukwa na mpira. Kinachozuia bodi isipinde ni sakafu, boriti za chini, nguzo na paa. Mlango unakufaa zaidi ukigongwa ubavuni. Nililijua hilo kabla ya jeki, ila siku ile halikuwa na faida kwangu.

Nassoro akaniambia taratibu, Rehema asisikie, "Shem, watoto usiwapakie humu tena."

Hapo ndipo niliumia. Angenicheka, ningepata cha kumchukia.

Tukaenda na lake. Wanaume mbele, mama na watoto nyuma, hivyo hadithi za Tanga zilipita juu ya bega langu hadi Jeddah.

Tulipokuwa tunazunguka Balad, mji mkongwe wa Jeddah, Rehema akanisogelea. "Ungesema tu hutaki niende naye."

Nikamjibu kwamba suala lilikuwa la kiufundi.

"Sawa, injinia." Akanikabidhi mifuko yote, akaenda kumuuliza Nassoro ubani upi ni mzuri.

Somo, wakuu: kabla hujanunua gari kuukuu, liinue kona moja, ufungue na kufunga milango. Kuhusu dawa ya wivu, mwenye uzoefu aandike hapo chini.

Ila kama umesoma sekondari na mke wa mtu, wewe soma tu, usichangie.