Taa za Madam Zilivyong'arishwa

Mwaka wa kwanza wa kazi za ndani Uarabuni, Rispah alivumilia kila kitu. Hata madam alipomwazima kwa dada yake kule Riyadh, kama sufuria ya harusi, alipanda gari akaenda. Aliahidiwa kwamba akirudi Jeddah atapewa likizo, akamwone Shirleen wake, aliyemwacha Vihiga akinyonya na ambaye sasa anamwita "anti" kwenye simu.

Alirudi Al-Safa, mtaa wa madam kule Jeddah. Madam hakumtazama hata usoni.

"Mafi likizo, hakuna. Nina wageni wanakuja kuona taa zangu."

Zilikuwa taa za kale za shaba kutoka Serbia, nyingine za mezani zenye chemni, nyingine za kuning'inia zenye mikono kama pweza. Zote zimefifia, nyeusi-nyeusi. Rispah alizipangusa vumbi tu, kwa manyoya. Siku moja akimimina kahawa alimsikia muuzaji wa taa akimwambia madam kwamba weusi ule ndio umri wa taa. Ukitoka, inabaki shaba kama bomba la maji.

Asubuhi ya wageni madam alitoa amri yake ya kila sherehe.

"Kila kitu king'ae. Nataka kuona uso wangu. Yalla."

"Kila kitu, madam?"

"Kwani huna masikio?"

Akaenda saluni. Rispah akakata malimau, akamwaga chumvi kwenye bakuli. Absalom, dereva, Mkenya mwenzake, aliporudi kutoka kumpeleka madam alimkuta sebuleni.

"Dada, hizo si za manyoya?"

"Leo ni za limau."

"Utafukuzwa."

"Hiyo ndiyo nataka."

"Basi mimi sijaona kitu. Hata chai sijanywa," akasema, akabeba kikombe chake nje.

Rispah alisugua. Alisugulia meno ya kwanza ya Shirleen, ambayo hakuyaona. Alisugulia hatua za kwanza. Weusi ulitoka kwenye kitambaa kama masizi.

Madam aliporudi, sebule nzima ilikuwa manjano. Aligusa taa moja, akagusa nyingine, akakaa sakafuni na abaya yake, akalia. Rispah alimtazama. Naye aliwahi kulia jikoni mle, na hakuna aliyemletea hata maji.

"Uso unaonekana, madam," alisema taratibu.

"Halas. Leo hii unaenda kwenu."

Madam akapanda ghorofani kutafuta pasipoti. Rafuni ilibaki taa moja ndogo, nyeusi, ile madam aliyoipenda kuliko zote. Rispah akachukua nusu limau iliyobaki.