Kompyuta Haijui Msiba

Jamani, hii nawasimulia huku nimefunika uso, na atakayecheka kabla sijamaliza, simalizii.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa kwenye kituo cha rada ya mvua, hapa hapa Kigoma, na mimi kutulia siwezi (mama husema nilizaliwa na siafu miguuni), sasa ile kazi ya kukaa kila Ijumaa nafuta picha za zamani za mawingu moja moja ili kompyuta isijae ikanichosha, nikaiamuru ifute yenyewe kila picha iliyotimiza siku saba, kisha nikajipongeza kwa soda.

Jumatatu moja upepo ukaipiga boti ya Nahodha Bucumi, Mrundi aliyekuja mkimbizi, akapata kibali cha kubeba abiria kutoka Kibirizi. Watu walipona, mizigo ikaenda ziwani. Maneno yakaanza: huyu aliiona dhoruba akaondoka kusudi, anyang'anywe kibali! Na kibali kile ndicho kilichokuwa kinalisha watoto wake sita. Akaja kwangu kituoni kuomba msaada. Nikamwambia, "Baba, wingu lilitoka milima ya Kongo wewe umeshaondoka, picha ninayo. Kompyuta haisahau!" Nikaitangaza ile picha mpaka sokoni Mwanga.

Kikao cha kuamua kibali chake kilipangwa Jumamosi. Mwenyekiti akafiwa na mjomba wake, kikao kikasogezwa mpaka Jumatano, sote tukaenda matangani, nikala wali (sahani mbili, sifichi), wala sikukumbuka kwamba kompyuta yangu haijui msiba, yenyewe inahesabu siku tu.

Jumatano ukumbi umejaa, nimevaa tai, projekta inawaka ukutani. Nafungua picha za Jumatatu ile: tupu. Nafunga, nafungua: tupu! Nikachomoa waya, nikachomeka, nikaupuliza, nikaizunguka meza mara tatu, jasho mpaka kwenye soksi. Sauti ikatoka nyuma, "Labda dhoruba nayo imekimbilia kambini!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bucumi hakucheka. Alinitazama tu, akasema taratibu, akiniita mwanangu kwa Kirundi chake, "Mwana wanje, si ulisema haisahau?" Hapo nilitamani ardhi inimeze.

Mwenyekiti akashika kalamu aandike kwamba kibali kimefutwa, ndipo akasimama Mama Zaituni, muuza mawese wa Buzebazeba.

"Ngoja kwanza! Mimi nilikuwa ndani ya boti ile, na madumu yangu manane yako chini ya ziwa. Tulipoondoka jua lilikuwa linachoma, watoto wanalia joto. Mbona hakuna aliyetuuliza?"

Wakasimama na wengine wanne, wote abiria wa siku ile. Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akasema, "Tuliambiwa picha ipo." Wakanigeukia wote.

Kibali kilibaki. Mimi siku hizi flashi naivaa shingoni kama hirizi, na nimeapa: jambo lililotokea mbele ya watu, nawauliza watu kwanza. Bucumi anasema amenisamehe, lakini kila akipita nje ya kituo lazima apaze sauti, "Mwana wanje! Mvua ya leo ipo, au umeshaifuta?"