Kichanja Juu ya Kitanda cha Mkwe

Mpaka leo nikipita penye fundi baiskeli anayeziba pancha, napunguza mwendo. Harufu ya solusheni, ile gundi ya kubandikia viraka, ikichanganyika na grisi na mpira uliopigwa na jua, inanirudisha Ngokolo, mjini Shinyanga, kwenye miaka ya tisini. Wenzangu wakinusa ubani au karafuu huwakumbuka wazee wao. Wazee wangu mimi wananukia pancha, na wala sioni aibu kuwaambieni.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu: kimoja chao yeye na Mama, kimoja chetu watoto wanne, na cha tatu, chenye mlango wake peke yake wa kutokea uani, kilikuwa karakana. Nasema karakana kwa heshima tu. Baba alifanyia kazi barazani, na chumba chenyewe kilijaa fremu, rimu, keria, madigadi na makopo ya gololi hadi mlangoni. Wateja wake wengi walikuwa vijana wa machimbo ya Kahama na Geita. Shimo likitema dhahabu walinunua baiskeli mpya, shimo likikataa walimletea Baba baiskeli ile ile vipande vipande, naye hakuwahi kutupa hata skrubu.

Jina langu ni Limi, maana yake jua kwa Kisukuma. Baba, kama Wasukuma wengi wa rika lake, herufi ya "r" ilikuwa ikimpiga chenga, kwa hiyo rimu kwake ilikuwa "limu". Alipopaza sauti, "Limu!" nilikimbia nikidhani naitwa, na nilipofika alinituma rimu. Wadogo zangu walinitania kwamba nimezaliwa na spoku.

Sasa, mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa, Mama alimleta mjini mama yake mzazi. Bibi alikuwa akiishi kijijini upande wa Kahama na mjomba, lakini mjomba alikuwa amekwenda Geita kuchimba na alikuwa harudi. Macho ya Bibi yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Hospitali walimtibu jicho moja likapata nafuu kidogo, la pili likabaki hivyo hivyo. Alikuja na kovu bichi mkononi, alipokuwa akipapasa chungu akapapasa moto. Mama alipoliona kovu lile alisema huyu harudi kule kukaa peke yake. Nami nilikuwa nimekwisha kumpenda, kwa sababu alikuwa mtu mzima wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho wa maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa mengi.

Tatizo lilikuwa chumba. Mliokulia kwetu mnajua, na wasiojua niwaeleze: mwanamume na mama wa mkewe walistahiana sana. Hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, na mwanamume hakukanyaga mahali anapolala mkwewe. Mjini wengine walikuwa wameanza kuyaacha hayo, lakini si Bibi, na kwa hiyo si Baba. Bibi alihitaji chumba chenye mlango wake, aingie na kutoka bila kukutana na mkwewe ukumbini. Chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa kimejaa baiskeli. Jirani yetu Mama Shija alimhifadhi Bibi kwa siku chache, huku sisi tukitafakari.

"Vitu tutavipandisha juu," Baba alisema.

Nyumba haikuwa na dari. Ukiinua macho uliona boriti, halafu bati. Baba alitafuta mbao za mbili kwa nne, akakata vyuma vya kitanda kibovu vikawa mikono ya kushikilia, akatoboa boriti kwa keekee, vumbi la mbao likimwangukia kwenye nyusi mpaka akafanana na babu yake. Alikataa misumari, akafunga kwa bolti na nati, mbili mbili kila mkono. Mama alisimama chini ameinua mkono juu ya kichwa, kupima Bibi asije akajigonga. Siku ya nne vichanja viwili vikubwa vilikuwa vimening'inia pale juu. Baba alidandia kimoja, kisha akatuita watoto wote tudandie pamoja naye, tukaning'inia watano kama popo, na boriti haikulia hata kidogo. Tulipandisha kila kitu. Sakafu ya chumba kile niliiona kwa mara ya kwanza, na kumbe ilikuwa ya saruji.

Bibi akahamia. Kitanda chake kiliwekwa katikati, chini ya vichanja, maana ndipo penye nafasi.

Kesho yake asubuhi akaja mteja anataka pedali. Baba alichukua stuli, akavuka uani akipiga mluzi, akafika kwenye mlango wa karakana, akainua mkono asukume. Mkono ukabaki hewani. Aliurudisha taratibu, akageuka na stuli yake.

"Mama Limi," alisema kwa sauti ya chini, "nani atapanda?"

Mama alimtazama yeye, akautazama mlango, kisha akakaa chini palepale, akacheka mpaka kanga ikamvuka begani. Siku nne tulipima, tukatoboa, tukadandia, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mali yote ya fundi ilikuwa sasa inalala juu ya kitanda cha mkwewe, mahali ambapo yeye hawezi kutia mguu.

Basi nikawa napanda mimi. Na nikawa pia mdomo wao. Bibi akiwa ndani na Baba barazani, upande wa pili wa ukuta, waliongea kwa kunituma: "Mwambie baba yako", "Mwambie bibi yako". Mimi sikujua staha ni kitu gani. Niliona watu wawili wasiotazamana wala kusalimiana uso kwa uso, nikajua kwa akili yangu ya miaka tisa kwamba wamenuniana. Iliniuma. Kwa hiyo nikaanza kuongeza chumvi. Bibi akisema, "Mwambie baba yako wabeja kwa uji," yaani ahsante, mimi nilimwambia Baba, "Bibi anasema wabeja sana, na hajawahi kuona mkwe mzuri kama wewe." Nilifanya hivyo kila siku, na nilijiona mjanja kweli.

Siku ya tatu ya kupanda niliteleza kwenye stuli. Gia nzito ya meno ilinitoka mkononi ikaangukia mto wa Bibi, mahali alipokuwa ameinua kichwa muda si mrefu kwenda kunawa. Ilitoboa mto ule.

Baba aliusikia mshindo. Alinihoji kupitia mlangoni, nikamweleza. Kisha akasema leo hii anabomoa, vitu vyake vitakaa nje, vikiibwa viibwe. Tulijua maana yake: vitu vyake ndiyo sembe yetu. Bibi naye akakaa kitandani, akaanza kukunja kanga zake moja moja.

"Mwambie baba yako asibomoe," alisema. "Vitu vyake vikae ndani. Mimi nitaludi kwangu."

Niliona lile kovu la mkononi likipanda na kushuka na kanga. Nikatoka nikilia, na barazani nikasema nusu tu ya ujumbe. "Bibi anasema usibomoe. Na anasema wewe ni fundi kuliko mafundi wote wa Ngokolo."

Baba alikuwa ameshika spana, ameinamia gurudumu. Hakuinua uso. "Mwambie bibi yako," alisema, "hapa haondoki mtu."

Nikarudi mbio. "Bibi, Baba anasema huondoki! Na anasema anakupenda sana!"

Nje Baba alishikwa na kikohozi cha ajabu, nikadhani amepaliwa na vumbi. Bibi aliacha kukunja kanga. Mimi niliona kazi yangu imekwisha, machozi yakakauka, nikatoka mbio kwenda kuruka kamba na akina Shija.

Asubuhi yake Bibi aliniita. "Muulize baba yako. Kisimani, nani anaingia ndani kufuata maji? Si tunashusha ndoo?"

Hilo nililifikisha bila kuongeza kitu, kwa sababu sikulielewa. Baba alilielewa. Aliangalia rimu iliyokuwa mkononi mwake, akaizungusha kwa kidole, akasema, "Aisee," kisha akasema tena, "Aisee."

Siku Mama alipompeleka Bibi hospitali kuangaliwa jicho, Baba aliingia. Alivua viatu mlangoni, akaniambia nikifunike kitanda chote kwa mkeka, na muda wote aliofanya kazi hakukitazama. Alifungua bolti za vichanja. Kwenye boriti akafunga rimu nne pamoja na habu zake za katikati, zizunguke vizuri, akapitisha kamba ya katani kwenye mfereji wa kila rimu mahali pa tairi. Ncha moja ya kila kamba aliifunga kwenye kichanja, ya pili akaileta ukutani, akaifunga kwenye kulabu usawa wa kiuno cha Bibi. Akapakia mfuko wa mchanga juu ya kichanja, akashusha, akapandisha, akashusha tena, mara nyingi, mpaka nikachoka kutazama. Alipotoka alifagia nyayo zake.

Tangu siku ile hakuna aliyepanda. Mteja alipofika, Baba alitaja kitu, mimi nikakipeleka kwa mdomo, Bibi akafungua kamba, na kichanja kikashuka taratibu kikilia kii, kii, kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Bibi hakuona vizuri, ila vidole vyake vilikuja kuijua mali ile kuliko mwenyewe. "Muulize baba yako, pedali ya kushoto au ya kulia?" alikuwa akiuliza, maana aliweza kuzitofautisha kwa kupapasa tu jinsi nyuzi za skrubu zilivyogeukia. Wateja walimwita Bibi Stoo. Aliishi nasi mpaka nilipokuwa sekondari, akafariki kitandani kwake kwa uzee, vichanja vikiwa juu, vimefungwa sawasawa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, nilikwenda kumsalimu Baba, nikaona niungame. Nilimweleza jinsi nilivyokuwa nikiwatungia maneno mazuri, yeye na Bibi, ili wapatane.

Baba alicheka mpaka akavua miwani. "Limi, ule ukuta wa chumba cha bibi yako uliishia wapi?"

Nikafikiri. Uliishia chini ya boriti. Juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye bati.

"Tulikuwa tukisikia kila neno," alisema. "Alilolisema yeye, halafu ulilolisema wewe. Tusingeweza kusemeshana, ndiyo maana tulikutuma. Lakini kusikia, nani angetuzuia?"

Nilijificha uso kwa mikono, mtu mzima mimi. Nilikumbuka kile kikohozi.

"Ile siku uliyomwambia nampenda," Baba aliendelea, na sasa hakuwa akicheka, "nilitamani ardhi ipasuke. Neno hilo halisemwi kwa mkwe. Nikatega sikio, nikingoja akuite akutume uje kunikatalia. Ila wewe ulikuwa umeshakimbilia kamba zako, na mle ndani hapakuwa na mtu mwingine. Bibi yako akasema, kwa sauti ya kutosha kabisa kunifikia: 'Mwambie baba yako nimesikia.'"