Ng'ombe wa Kwenye Gemu Alikuwa na Mimba

Shosho, nyanya yangu, alipovunjika nyonga, hospitalini waliiambia familia kwamba hatainama tena kukamua. Tukamtoa kijijini Dundori, akaja kukaa nasi mjini, Milimani, na ng'ombe wake mmoja akabaki akikamuliwa na jirani. Baba alitaka ng'ombe auzwe. Shosho akasema labda wamuuze yeye kwanza. Mambo yakakwama hapo, na mimi, kwa kuwa sikuwa na kazi, nikapewa kazi ya kumwangalia Shosho.

Mchana nilicheza gemu kwenye televisheni ya sebuleni. Shujaa anavuka nchi ya theluji na ng'ombe anayembebea mizigo. Shosho hakujali shujaa hata kidogo. "Mnyweshe maji! Wewe kijana utaua mnyama wa wenyewe!" Nikamwambia hakuna kitufe cha maji. Akasema walioitengeneza hawajawahi kufuga hata kuku.

Mwishoni gemu ikataka niamue: nimtoe ng'ombe kafara, ama theluji izike kijiji kizima. Jibu lilikuwa wazi, jamani. Kidole changu kilikuwa tayari kumtoa ng'ombe.

"Ngoja!" Shosho alivuta kiti hadi karibu aguse skrini. "Hiyo ng'ombe iko na mimba."

Haki ya Mungu, nilicheka. Kwetu ng'ombe mwenye mimba hachinjwi, hata aje mgeni wa aina gani, lakini hii ilikuwa picha! Shosho akaniamuru nimpigie daktari wa mifugo wa Dundori, simu ya video. Daktari, mtu mzima na akili zake, akaniambia nielekeze simu ubavuni mwa ng'ombe wa skrini. Akatazama, akatazama.

"Miezi saba hivi," akasema. "Lakini bila kumshika siwezi kuapa."

"Na kijiji je?" nikauliza, nimekasirika kabisa.

"Watu wako na miguu," Shosho akajibu. "Wahame."

Nikamwokoa ng'ombe. Theluji ikafunika nyumba zote, ikamfunika na shujaa wangu. Ng'ombe akabaki peke yake kwenye weupe ule, akilia. Nilidhani Shosho atapiga vigelegele. Aliangalia tu.

"Sasa nani atamkamua?"

Shosho akasugua nyonga yake, akaomba simu tena, akampigia yule jirani wa Dundori.

"Ng'ombe ni yako," akamwambia. "Ikizaa, uniletee ndama niione."

Kisha akaniambia nizime hiyo takataka, akalia mpaka chai yake ikapoa.