Kijana Aliyetokea Kwenye Kila Linki

Wa kwanza kuniletea picha alikuwa mama mmoja wa Didia. Alifika Kahama kwa basi la asubuhi, akaulizia watu mpaka akanipata Nyasubi, kwenye chumba nilichopanga nyuma ya duka la vifaa vya shule. Wakati huo nilikuwa natengeneza tovuti ya kikundi cha akina mama ambao ndugu zao walienda machimboni wasirudi. Kila anayetafutwa angekuwa na ukurasa wake, picha yake, na sauti ya mtu wa nyumbani akimwita.

"Shikamoo, mayu," nilimwamkia, kama Wasukuma wanavyomwita mama.

"Marahaba. Wewe ndiye unayewaweka watu kwenye simu?"

Nikamwambia ndimi. Akafungua kitenge na kutoa picha ya mwanawe: kijana amesimama kando ya baiskeli, shati la drafti, anatabasamu upande mmoja wa mdomo kama mtu aliyepigwa picha kabla hajawa tayari. Alikwenda upande wa Geita kuchimba. Mwanzoni alikuwa anapiga simu, baadaye namba ikawa haipatikani. Nilipomsogezea simu arekodi, yule mama hakupaza sauti. Alisema kwa Kisukuma, taratibu, kama anaongea na mtu aliye chumba cha pili, kwamba popote alipo apige hodi kwa watu, watamwelekeza nyumbani.

Mtandao wa huku, hasa ukishatoka mjini, unakuja na kukatika. Kwa hiyo niliijenga tovuti ile isipakue ukurasa mzima kila mtu anapobonyeza jina. Programu inabaki ile ile ndani ya simu. Inaandika upya anwani iliyo juu ya kioo, halafu inaiomba seva picha na sauti ya mtu mpya na kuziweka mahali pa zile za zamani. Anayeperuzi anaona amehama ukurasa, kumbe hajatoka pale alipokuwa. Inaokoa bando na inakwenda haraka. Majaribio yote niliyafanya kwa picha ya yule kijana wa Didia, kwa sababu ndiyo pekee niliyokuwa nayo.

Tovuti ilipoanza kutumika, haukupita muda mrefu nikapigiwa na mwanaume mmoja wa Ushirombo.

"Dada, mbona kwenye ukurasa wa mdogo wangu mmeweka mtu mwingine?"

Nikamwomba anitumie picha ya kioo cha simu yake. Anwani ilikuwa sahihi, imeishia na jina la mdogo wake. Chini yake alikuwa yule kijana na baiskeli yake. Nilifungua ukurasa huo kwenye kompyuta yangu, akatokea mdogo wake, kama inavyotakiwa. Nikadhani yule bwana alikosea kubonyeza.

Kisha akapiga mwanamke wa Masumbwe, akitafuta mume. Kisha mzee mmoja akitafuta binti yake, na huyo aliongea kwa hasira kidogo, akaniuliza kama naona binti yake anafanana na mwanaume. Wote walieleza habari za kijana yule yule. Mwanamke wa Masumbwe alisema alibonyeza kitufe cha kurudi nyuma, anwani ikarudi, kijana akabaki. Akabonyeza tena. "Anwani zinapita juu ya kichwa chake," alisema, "yeye ananiangalia tu."

Siku moja nilikwenda sokoni kununua mchele. Jua lilikuwa kali, watu wamejaa. Nikiwa nimechota mchele mkononi naunusa, nikasikia sauti ya yule mama wa Didia nyuma yangu, taratibu, kwa Kisukuma: piga hodi kwa watu. Niligeuka nikidhani ni yeye. Alikuwa mwanamume nisiyemfahamu, amekaa juu ya gunia, simu iko sikioni, sauti inatoka humo. Akaniona namkodolea macho. Akasema, "Namtafuta shemeji yangu. Sijui huyu mama ni nani, lakini kila nikifungua ni yeye." Mchele niliurudisha kwenye gunia nikaondoka bila kununua.

Niliupitia upya msimbo wa programu yangu na nikakuta sababu. Mtandao ukikatika katikati, anwani ilikuwa imeshaandikwa upya lakini picha mpya haijafika, na programu ilikuwa inajaza nafasi kwa ukurasa uliohifadhiwa kwenye simu wakati wa kuifungua mara ya kwanza. Ukurasa huo ulikuwa wa yule kijana wa Didia, umebaki tangu majaribio. Nikamwondoa pale. Nikaweka maneno yanayosema mtandao umekatika, jaribu tena. Waliokuwa wamewahi kuingia niliwaelekeza jinsi ya kufuta kumbukumbu za zamani kwenye simu. Malalamiko yakaisha. Nilifurahi, na nilianza tena kupata usingizi.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha nilipopigiwa na mama lishe mmoja anayepika kwenye machimbo madogo ya upande wa Geita.

"Nilikuwa namtafuta kaka yangu," alisema. "Ananijia kijana mwenye baiskeli. Nafunga, nafungua, yeye. Mwisho nikamwangalia vizuri. Huyo namjua."

Nilimuuliza anamjua vipi.

"Alikuwa anakula kwangu. Huku alijiita jina jingine, huku wengi wanafanya hivyo. Duara walilokuwa wanachimba liliwaangukia. Wenzake wakamzika nyuma ya karasha la kusagia mawe, hatukujua kwao ni wapi."

Nilisafiri na yule mama wa Didia pamoja na kaka yake, mjomba wa kijana, kwenda huko. Tulipofika, mama lishe alituwekea viti, akaanza kueleza habari ya duara. Mama akamkatiza kwa upole.

"Kwako alikuwa anapenda kula nini?"

Mama lishe alifikiri. "Ukoko wa ugali. Kila akija lazima niukwangue sufuriani nimpe yeye, wengine wakalalamika."

Yule mama akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kidogo kidogo. "Ndiye," akasema. Hapo ndipo alipolia.

Kaburi lilikuwa na mawe yamepangwa vizuri. Mjomba alichota udongo kwa kitambaa cheupe ili ukazikwe Didia. Wakati wao wako kaburini, nilimwomba mama lishe simu yake ili nifute kumbukumbu za zamani, nikidhani ndizo zilizomletea kijana. Akacheka kidogo. Akasema simu hiyo ni mpya, ameinunua wiki ile ile aliyonipigia, na hakuwahi kuifungua tovuti yetu kabla ya hapo. Nilikaa nayo kwenye benchi. Ndani yake hapakuwa na chembe ya ule msimbo wa zamani. Nikafungua ukurasa wa kaka yake: akatokea kaka yake. Nikazima mtandao, yakaja maneno yangu, mtandao umekatika. Niliporudi Kahama niliangalia kwenye seva, na ilionyesha kwamba siku ile ilimpelekea mama lishe picha ya kaka yake, si nyingine.

Nilimweleza yule mama jambo hilo tulipokutana msibani Didia, kwa sababu niliona si haki kulificha. Alinisikiliza huku anapepeta mahindi. Akasema, "Nilimwambia apige hodi." Kisha akaniuliza kama nimeshakula.

Baadaye niliiandika tovuti upya kwa mtindo wa zamani: ukibonyeza jina, simu inaacha kila kitu, kioo kinakuwa cheupe, ukurasa mzima unakuja upya kutoka kwenye seva. Akina mama wa kikundi wanalalamika kwamba imekuwa nzito na inakula bando. Nawajibu kwamba hivi ni rahisi kwangu kuirekebisha, na hilo ni kweli. Lakini kile kioo cheupe nakihitaji mwenyewe. Kila kikitokea naweka kidole pembeni, nangoja nione ni nani anayekuja.