Namba ya Kazi ya Bwana Yangu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya enzi za Zaïre. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa, tukikaa Dilala katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Bwana yangu Kazadi alikuwa kazini kwenye mgodi wa Mashamba. Nikasikia hodi.

Alikuwa mtu nadhifu, abakosti, ile suti ya bila tai, imenyooka pasi, kalamu tatu mfukoni. Akasema ametumwa na kampuni kubadilisha kadi za posho.

"Mama, bwana yako banamusifu sana ku biro," akaniambia, yaani huko ofisini.

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, nami sikuwa hata nyoka! Nilimpa kiti, nikampa maji, nikammiminia kila kitu: namba ya kazi ya bwana, jina la mkubwa wake, kijiji alichozaliwa huko Kasai. Kadi yenyewe nikamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima.

Alipoondoka nayo, nikaenda bombani nikitamba jinsi mgeni wa kampuni alivyomsifu bwana yangu. Jirani yangu mzee, Mama Kapinga, akatua ndoo yake.

"Na yeye, jina yake nani?"

"Sijue, mama."

"Anajua byako byote, weye haujue hata kimoja cha yeye! Twende ku depo, mbio!"

Moyo ulinienda mbio kuliko miguu. Posho ile ndiyo ilikuwa unga wetu wa mwezi mzima. Tulipofika depo, kwenye ghala la posho, karani alikuwa akiita, "Kazadi!" Na yule mtu, kadi yangu mkononi, akajibu, "Njo mi," yaani, ndiye mimi.

Nikapiga kelele: "Kama njo bwana yangu, aseme jana tulikula nini!"

Watu wote wakamgeukia. "Nyama," akasema.

Mwanangu, foleni nzima iliangua kicheko. Nyama, mwisho wa mwezi, kwa mfanyakazi wa mgodi? Karani alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanyoosha mkono kudai kadi. Yule bwana aliiachia na kutoka mbio, kalamu zikimwanguka njiani.

Kazadi aliporudi hakunigombeza. Ila kwa miezi mingi, kila nilipomwuliza jambo, alijibu, "Kwanza onyesha kadi."

Mimi niliponea chupuchupu. Wengi hawaponi, na majuto ni mjukuu. Leo mjanja habishi hodi, anapiga simu. Atakuita kwa jina, atakusifu, atakwambia una bahati, kisha ataomba namba yako ya siri, au picha ya kitambulisho chako. Usimpe. Mwulize yeye ni nani, kata simu, nenda mwenyewe ofisini ukahakikishe. Akikuharakisha, hapo ndipo utulie zaidi, maana mwenye haki haogopi kungoja. Na ukishakosea, usifiche kwa aibu. Mwambie mtu mapema, kama nilivyomwambia mama yule, ingawa mimi nilikuwa najisifu tu.

Haya, mwanangu. Mungu akupe akili iliyotulia na maisha marefu, jina lako libaki safi mpaka wajukuu wako walibebe kwa furaha.