Siku Niliyoicheka Sheria ya Kenya Mbele ya Wanahisa

Mnicheke tu, maana hata mimi nikiukumbuka ule ukumbi wa Amalemba masikio yananiwaka moto. Ilikuwa miaka ya tisini, nimetoka chuoni na cheti changu cha uhasibu, na kampuni moja ya wakulima ya kusafirisha miwa ilikuwa inatafuta mkaguzi wa ndani. Mwenyekiti wao, Mama Khavere (mwalimu mstaafu, hacheki ovyo), akaniambia, "Kijana, kuja mkutanoni uelezee wanahisa vile sheria yetu na ile ya Amerika zinalinda hesabu za kampuni. Tukikuelewa, kazi ni yako."

Weee! Nikaazima suti, nikaipiga pasi. Binamu yangu Wafula, aliyesomea sheria, alikuwa amenipigia taipu muhtasari wa sheria zote mbili, kila moja na karatasi yake (nilizisoma mara moja tu, tena mbio mbio). Sasa karatasi zikakataa kuingia mfuko wa koti, nami nikachukua makasi nikazikata juu, kumbe ndipo majina ya nchi yalipoandikwa!

Nilipoitwa, nikachomoa ya kwanza nikanguruma, "Hii ndiyo yetu! Kampuni lazima iwe na udhibiti wa ndani wa hesabu, mali isiguswe bila idhini ya wasimamizi, na vitabu vilinganishwe na mali iliyopo!" Makofi, vigelegele, nikapanda moto, nikachomoa ya pili. "Na Waamerika je? Eti weka vitabu sawasawa, lete mkaguzi kila mwaka, basi! Hiyo ni sheria ama ni salamu?" Ukumbi ukaangua kicheko, nami kwa utamu wa kile kicheko nikarudia ya kwanza nimalizie kwa kishindo: "Na kampuni ya hapa Kenya ikikaidi, itatozwa faini ya dola..."

Nikaisogeza karatasi karibu na macho, nikalisoma neno hilo tena.

Mzee Mukabana, mkulima wa Lubao, akasimama polepole. "Kijana, hapa kwetu tulianzanga kutumia dola lini?"

Jameni! Watu walicheka hadi viti vikalia. Nikajitetea, "Basi zigeuzeni tu, ya kwanza iwe ya pili!" wakazidi. Mama Khavere peke yake hakucheka.

"Nani alikusomea hizi karatasi kabla uje?"

"Hakuna, Mama."

"Na unataka kutukagua sisi."

Kazi akapewa dada mmoja wa Khayega aliyeongea dakika tano, taratibu, bila kunguruma. Mimi nilipewa obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, na jina la Dola lililonifuata sokoni miaka mingi. Tangu hapo sipeleki karatasi popote kabla mke wangu hajaisoma, hata iwe barua ya rambirambi.